MTUMBWI UKIPINDUKA: KWANZA WATU, MASHINE BAADAYE



Mara nyingi ukurasa huu wa afya huzungumza juu ya choo, maji ya kunywa, malaria na chakula cha watoto. Leo tunazungumza juu ya mtumbwi wa tanga uliopinduka, na mashine yake iliyolowa maji.

Pengine utauliza: mashine na afya vinahusianaje? Vinahusiana sana. Mashine ya kupachika ni mali ya bei kubwa. Wengi huinunua kwa mkopo au kwa fedha za kikundi. Kwa hiyo mtumbwi unapopinduka, moyo wa mwenye mali hukimbilia mashine kabla haujakumbuka wenzake. Mtu huacha kushika mtumbwi ili ashike mashine, akazama nayo. Mwingine hufika nchi kavu salama, kisha huungua moto wakati anaikausha. Vifo vya namna hii vinaweza kuzuilika, na ndiyo sababu tunaviandika hapa.

Tunawaandikia hasa ndugu zetu wa Ziwa Victoria, kuanzia Musoma na Ukerewe mpaka Bukoba. Ndugu wa baharini nao wasome. Tofauti yao kubwa ni chumvi, na tutaieleza mahali pake.

UPEPO WA USIKU

Wavuvi wanajua kwamba dhoruba nyingi za ziwani huja usiku au alfajiri. Sababu yake ni hii. Mchana jua huipasha nchi kavu joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto lake. Basi upepo hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda juu, na mawingu ya ngurumo hujengeka.

Upepo wa ghafla ukilikuta tanga limefungwa imara, mtumbwi hulala ubavu. Kwa hiyo kamba ya kuongozea tanga, ambayo mabaharia wa pwani huiita demani, isifungwe kwa fundo. Ishikwe mkononi. Upepo ukizidi, mtu huiachia mara moja, na tanga hupoteza nguvu.

Mashine nayo huongeza hatari. Mashine ya nguvu ya farasi 15 huwa na uzito wa karibu kilo 40, na uzito wote uko nyuma. Ukiongeza dumu la petroli na nyavu zilizolowa, nyuma ya mtumbwi hushuka na maji huingia kwa urahisi.

HESABU WATU

Tuseme mko wanne, na mtumbwi umepinduka. Kazi ya kwanza ni kuhesabu watu. Nahodha aite kila mtu kwa jina, na kila mmoja aitike. Asiyeitika atafutwe mara moja. Huenda yuko chini ya tanga, au amenaswa na kamba au wavu.

Kama wewe ndiye uliye chini ya tanga, usiogope. Lisukume tanga juu kwa mkono. Hewa itaingia kidogo na utapata pa kuvuta pumzi. Kisha shika mshono mmoja wa tanga na uufuate bila kuuacha mpaka ufike ukingoni. Ukiwa chini ya mtumbwi wenyewe, jua kwamba mara nyingi hewa hubaki humo. Vuta pumzi, zama kidogo, utokee ubavuni.

Hewa hiyo si jambo dogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Lakini tarehe 22 Septemba waokoaji walimkuta fundi mmoja wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko hicho. Alikuwa mahali palipobaki na hewa.

Mkishajihesabu, shikeni mtumbwi. Msiuache. Mbao huelea hata mtumbwi ukijaa maji. Nchi kavu huonekana karibu, lakini macho hudanganya juu ya maji. Mlima unaouona kama uko hapo jirani unaweza kuwa umbali wa kilometa kadhaa. Hata mwogeleaji hodari huchoka kwa mawimbi, hubanwa na misuli, au hupotea gizani. Tena wanaokuja kuwatafuta watauona mtumbwi kabla hawajaona kichwa cha mtu kati ya mawimbi.

Dumu likichukuliwa na maji, liache liende. Kofia, kafi na samaki, viache viende. Upepo unasukuma mtumbwi haraka kuliko mtu anavyoogelea. Ukiuacha kwa kufuata dumu, huenda usiufikie tena.

Lakini dumu lililo karibu na mkono wako lishike. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri huweza kumwelesha mtu mzima. Litumike kwa yule asiye na jaketi okozi, au kwa aliyechoka zaidi. Mtoto afungwe kwenye dumu au awekwe juu ya mgongo wa mtumbwi, naye mtu mzima amshike. Kaeni mbali na nyavu. Wavu majini hunasa miguu, na kadiri unavyopiga teke ndivyo unavyokaza.

Kuna methali inayosema mfa maji haachi kutapatapa. Ni kweli kwamba mtu anayezama hukamata chochote, hata shingo ya anayemwokoa. Ndiyo sababu usimwendee mikono mitupu. Mrushie kamba, dumu au kafi. Lakini methali hiyo isikufanye ungoje kelele. Watu wengi hufa maji kimya kimya. Mdomo uko chini ya maji, pumzi hakuna, basi sauti itoke wapi? Mwenzako akinyamaza, akirudisha kichwa nyuma na kutazama bila kuona, huyo anazama. Msaidie sasa hivi.

KUUINUA MTUMBWI

Kama mawimbi si makali na watu wana nguvu, mtumbwi mdogo unaweza kuinuliwa. Wengi hushindwa kwa sababu wanauinua na tanga lake. Tanga lililolala majini hubeba maji mengi, nalo ni zito kama mawe. Na likiinuka, upepo hulidaka na kuupindua mtumbwi upande wa pili. Kwa hiyo fungueni tanga kwanza. Fundo likigoma, kateni kamba kwa kisu. Kamba hununuliwa tena. Ng'oeni na mlingoti kama unang'oka, na mfunge vyote ubavuni kwa kamba ndefu ili visipotee.

Kama mtumbwi umefudikia, watu wawili wasimame upande mmoja juu ya ukingo ulio chini ya maji. Washike kamba iliyofungwa ukingo wa pili na kupitishwa juu ya mgongo wa mtumbwi. Walale nyuma kwa uzito wao wote. Wengine washike ncha zote mbili ili mtumbwi uelekee upepo, usiwe ubavu. Mtumbwi utageuka polepole, kisha kwa ghafla. Angalieni vichwa.

Sasa umekaa sawa lakini umejaa maji. Hapa wengi hukosea kwa kupanda wote. Mtumbwi uliojaa maji haubebi watu, hupinduka tena. Kwanza usukeni kwa kuusukuma mbele na nyuma, maji mengi yatamwagika. Halafu mmoja tu apande, aliye mwepesi, akipitia nyuma au mbele, si ubavuni. Achote maji kwa ndoo. Kazi hiyo mabaharia huiita kufua maji. Ndoo ya kufulia maji lazima iwe imefungwa kwa kamba ndani ya mtumbwi siku zote. Ndoo isiyofungwa huwa ya kwanza kuondoka siku ya shida.

Na mashine? Kama imeshika vizuri mahali pake na haizuii mtumbwi kuinuka, iacheni hapo hapo. Kama inavuta nyuma chini na mtumbwi hauinuki, ifungeni kamba ndefu yenye dumu tupu mwishoni, kisha ifungueni izame. Dumu litaelea na kuonyesha mahali ilipo. Mtairudia siku nyingine, hali ikiwa nzuri. Asizame mtu kuitafuta siku ile. Aliyechoka, aliyekunywa maji na mwenye baridi akizama kufuata mashine, mnatafuta vitu viwili badala ya kimoja.

Mawimbi yakiwa makali, msijaribu kuinua. Shikeni tu mtumbwi na mngoje msaada. Pigeni filimbi. Usiku washeni tochi kama bado inawaka.

ALIYEKUNYWA MAJI

Mtu aliyetolewa majini bila fahamu hufa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni hewa.

Huko vijijini bado tunaona mtu akishikwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini ili maji yatoke. Wengine humkandamiza tumbo. Wengine humzungusha juu ya pipa. Tuseme wazi: yote hayo yanaua. Maji yanayotoka ni ya tumboni, nayo yakipanda huingia katika mapafu pamoja na chakula. Na wakati huo wote mgonjwa hana hewa. Ubongo usipopata hewa kwa dakika chache tu huanza kufa.

Fanya hivi. Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise bega. Kama haitiki, inamisha kichwa chake nyuma kidogo na kuinua kidevu, ili njia ya hewa ifunguke. Tazama kifua, sikiliza puani, kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui, au anatweta mara moja moja tu kama samaki aliyetolewa majini, mzibe pua kwa vidole. Funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie mpaka uone kifua kinainuka. Mpulizie mara 5.

Asipoamka wala kupumua, anza kumbonyeza kifua. Weka kiganja kimoja katikati ya kifua, juu ya mfupa, na cha pili juu yake. Nyoosha mikono. Bonyeza chini kiasi cha sentimita 5, uachie, ubonyeze tena. Fanya upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukishabonyeza mara 30, mpulizie mara 2. Kisha 30 tena, na 2 tena. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja, na ubonyeze theluthi moja ya unene wa kifua chake.

Kazi hii inachosha. Pokezaneni kila dakika mbili. Msiache mpaka apumue, au mpaka mhudumu wa afya afike, au nguvu ziwaishie kabisa. Mtu mwingine atumwe kutafuta usafiri wa kwenda zahanati au kituo cha afya. Asiende yule anayepuliza.

Akitapika, mgeuze ubavu upesi, msafishe mdomo, mwendelee. Akianza kupumua lakini bado hajitambui, mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili matapishi yasimrudie.

Mwingine hutoka majini akitembea na kucheka. Anakohoa kidogo tu, anataka kwenda nyumbani kulala. Huyu naye aangaliwe. Maji yaliyoingia katika mapafu huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye. Apelekwe zahanati siku ile ile akikohoa bila kuacha, akitoa povu, akipumua haraka, akiumwa kifua, au akiwa na usingizi usio wa kawaida. Asilale peke yake usiku wa kwanza.

BARIDI, GONGO NA PETROLI

Maji ya Ziwa Victoria si ya barafu. Lakini mwili wa mtu una joto la nyuzi 37, na maji ya ziwa huwa na nyuzi 25 hivi. Maji hunyang'anya mwili joto haraka sana kuliko hewa. Mtu aliyekaa majini usiku kucha hutetemeka, vidole hukataa kushika, na akili huanza kwenda polepole. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na anasema maneno yasiyoeleweka, hapo hatari imekuwa kubwa.

Mkiwa majini, msiogelee ovyo ili mpate joto. Joto litatoka zaidi. Kumbatianeni, na kila mtu akunje magoti.

Akifika nchi kavu, vueni nguo zote zilizolowa, msione haya. Mkausheni, mfunikeni mablanketi pamoja na kichwa. Mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi au uji, kama anajitambua na anaweza kumeza. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Na msimpe gongo wala pombe yoyote. Pombe huleta damu kwenye ngozi, basi mtu huona joto, kumbe joto la ndani ndilo linalokimbia.

Sasa sikiliza jambo hili, maana wengi hawalifikirii. Mtumbwi wenye mashine ukipinduka, petroli humwagika juu ya maji. Petroli huelea. Watu wanaoshikilia mtumbwi huoga petroli bila kujua, na nguo zao huinywa. Wakifika nchi kavu wakitetemeka, ndugu zao huwawashia moto mkubwa na kuwakalisha karibu. Mvuke wa petroli hudaka moto kwa mbali, kabla nguo yenyewe haijagusa kaa. Kwa hiyo nguo kwanza, sabuni na maji pili, moto baadaye. Nguo zile zianikwe mbali na jiko. Asivute mtu sigara.

Petroli iliyokaa kwenye ngozi huiunguza kama maji ya moto. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa robo saa. Aliyemeza petroli msimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Petroli tumboni ina nafuu kuliko petroli katika mapafu, na ikitapikwa ndipo huingia humo. Mpelekeni zahanati. Kwa sababu hiyo hiyo, acheni kunyonya petroli kwa mdomo mnapoihamisha kwa mpira. Tunajua ni desturi ya kila mwalo. Ni desturi mbaya. Tumieni faneli au pampu ya mkono.

Kuhusu kichocho: konokono wanaokibeba hukaa zaidi karibu na nchi kavu, kwenye majani. Ikiwa mlikanyaga na kukaa humo, nendeni mkapimwe choo baada ya miezi miwili hivi, hata kama hamuumwi. Dawa yake ipo.

SASA MASHINE

Watu wote wamehesabiwa, wamekauka, wamekunywa chai. Sasa tunaweza kuitazama mashine.

Mashine iliyozama haifi ndani ya maji. Huanza kufa inapotolewa. Kutu huhitaji chuma, maji na hewa pamoja. Chini ya maji hewa ni kidogo. Ukiitoa, ukaiegemeza mtini mpaka kesho, hewa huingia na kutu hushika ndani ya silinda na kwenye beringi. Kwa hiyo ikishatolewa, ishughulikie ndani ya saa 3 hivi. Kama huna spana, oili wala fundi, iache ndani ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Inaweza kukaa ndani ya pipa mpaka fundi afike. Jambo hili huwashangaza watu, lakini ndivyo mafundi wanavyofundishwa. Ndugu wa baharini, ninyi ioshe kwanza kwa maji baridi mengi, kisha uizamishe kwenye pipa la maji baridi. Chumvi hula chuma na nyaya haraka kuliko maji ya ziwa.

Jambo la pili: usivute kamba ya kuwashia ili uone kama itawaka. Silinda imejaa maji. Hewa hubanwa, lakini maji hayabanwi. Pistoni ikiyagonga, mkono wa pistoni hupinda. Ikiwa mashine ilikuwa inazunguka wakati inazama, huenda umeshapinda.

Anza kwa kuchomoa waya wa betri kama ipo, na kuchomoa kamba ya kuzimia, ili plagi zisitoe moto. Ondoa kifuniko. Osha mashine yote kwa maji safi, utoe matope, mchanga na majani. Fungua plagi. Ilaze mashine matundu ya plagi yakitazama chini, kisha vuta kamba taratibu mara nyingi, 20 au zaidi. Maji yatatoka. Kama mashine inagoma kuzunguka hata bila plagi, au unasikia mchanga ukisaga, acha hapo hapo. Usitumie nguvu. Hiyo ni kazi ya fundi kuifungua yote.

Kisha mwaga petroli yote: ya tangi, ya mpira na ya kabureta. Kabureta ina skrubu chini ya bakuli lake, ifungue kwa bisibisi. Ukitaka kuona kama petroli ina maji, kinga kidogo katika chupa nyeupe na uiache itulie. Maji hukaa chini, petroli hukaa juu, na mstari kati yao huonekana wazi. Ukimaliza kutazama, usiiache petroli kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Mtoto ataikunywa. Na usiimwage ziwani, kwa sababu pale mwaloni ndipo kijiji kinapochota maji. Iweke kwenye debe lenye alama, mpe fundi aoshee vyuma.

Kazi yote hii ifanyike nje, penye upepo, mbali na jiko la samaki na mbali na taa ya moto. Kukausha mashine kando ya moto kumeshaunguza watu. Jua na kitambaa kikavu vinatosha. Futa nyaya, futa sehemu zinazotoa umeme, ziache zikauke vizuri.

Sasa tia kijiko kimoja cha oili ya mashine katika kila tundu la plagi. Vuta kamba tena taratibu ili oili ienee. Kausha plagi, au bora weka mpya.

Kama mashine yako ni ile inayochanganyiwa oili katika petroli, changanya petroli mpya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Nyingi za sasa hutumia 50 kwa 1, yaani lita 10 za petroli kwa mililita 200 za oili. Kama ni ile yenye oili yake peke yake na kijiti cha kupimia, chomoa kijiti utazame. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Imwage yote kabla hujawasha, weka mpya, na baada ya kuiendesha kidogo ibadilishe tena. Pengine utaibadilisha mara 3 mpaka ibaki safi. Watu huona uchungu kumwaga oili mpya. Lakini bei ya oili si bei ya mashine.

Rudisha kamba ya kuzimia, washa. Mashine ikiwaka, iache izunguke polepole kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, ili joto litoe unyevu uliobaki. Sehemu ya chini lazima iwe ndani ya maji, ama ziwani ama kwenye pipa, maana mashine hujipoza kwa maji. Tazama kama maji ya kupoza yanatoka. Yasipotoka, zima.

Usiijaribu ndani ya nyumba au ghala, hata kama mvua inanyesha. Moshi wa mashine una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu bila kumwamsha. Watoto wasogezwe mbali na propela.

Kesho yake fungua skrubu ya chini ya giaboksi utazame oili yake. Ikiwa nayo ina rangi ya maziwa, maji yamepita, na sili lazima ibadilishwe. Wiki ile ya kwanza vua karibu na mwalo, na chukua kafi mbili za ziada.